Kuitia Honda Civic Giaboksi ya Magurudumu Manne

Katika magari madogo yaliyoenea ulimwenguni tangu miaka ya 1970, aghalabu injini hukaa mbele, imelazwa kwa upana wa gari, na nguvu yake yote hukomea katika magurudumu mawili ya mbele, ilhali yale ya nyuma hayana kazi ila kubeba uzito na kufuata. Mpango huu una fadhila nyingi, kwa kuwa ni mwepesi, ni rahisi kuundwa, na huwaachia abiria sakafu pana ya kuweka miguu. Taksiri yake hudhihirika pale dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu: mwili wa gari hunyanyuka mbele na kulalia nyuma, uzito ukayahama magurudumu yale yale yanayovuta, nayo, maadamu yamepungukiwa na kitu cha kuyagandamiza chini, huzunguka bure na kuteketeza mpira. Kila injini inavyozidishwa nguvu ndivyo taksiri hii inavyozidi. Na juu ya udongo wa mfinyanzi ulionyeshewa, hata injini dhaifu yatosha kuidhihirisha.

Kwa sababu hiyo wako watu, hasa Marekani, ambako mashindano ya mbio za njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402, yana wapenzi wengi, wanaothubutu kuitoa giaboksi ya gari dogo na kutia mahali pake giaboksi ya mkono ya gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Fikra hii si yao peke yao, kwa maana viwanda viliwatangulia. Lancia Delta ilipotoka mwaka 1979 ilivutwa kwa magurudumu ya mbele tu, na ilipofika 1986 kiwanda kikaipa mitambo ya magurudumu manne. Mitsubishi nayo ilichukua injini na mitambo ya Galant VR-4, gari kubwa zaidi, ikaitia katika mwili wa Lancer, na mwaka 1992 ikazaliwa Lancer Evolution. Wasomaji wetu wenye umri wa kutosha waliyaona magari hayo yote mawili katika Safari Rally, Delta ikishinda 1988, 1989 na 1991, na Lancer ya Tommi Mäkinen ikishinda 1996. Lakini kiwanda kina wahandisi na mashine za kukandamiza bati jipya, na fundi wa gereji ana gari la kuchinja, mashine ya kuchomelea na akili yake; ndiyo maana kazi ile ile mikononi mwake inahitaji hadhari kubwa zaidi.

Mfano ulio wazi ni wa Honda Civic za miaka ya 1992 hadi 2000, ambazo hutiwa giaboksi ya Honda CR-V ya kizazi cha kwanza, ile ile ambayo bado yaonekana katika barabara za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. CR-V ilitoka Japani mwaka 1995, nayo iliundwa juu ya msingi wa Civic, hata magari haya yakawa ndugu ingawa yanahitilafiana kwa umbo na kimo. Udugu huo, hata hivyo, una mipaka. Injini ya CR-V, yenye ujazo wa lita 2, ni ya ukoo wa B, na giaboksi yake hukubaliana kwa boliti na injini za ukoo huo zilizotiwa katika Civic na Integra za kasi. Bali Civic nyingi za kawaida zina injini za ukoo wa D, ambazo matundu yake ya boliti hayalingani na giaboksi hiyo. Mwenye injini ya D sharti abadili injini kwanza, au atafute giaboksi ya Civic Shuttle ya magurudumu manne ya mwisho wa miaka ya 1980. Wala asiitamani giaboksi ya kampuni nyingine, kwa sababu injini za koo hizi mbili huzunguka kinyume cha mzunguko wa injini za makampuni mengi. Fauka ya hayo, CR-V nyingi zilizofika kwetu ni za otomatiki, hivyo ile ya mkono ni adimu.

Kuifunga giaboksi kwenye injini ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Mgongoni mwake pana kisanduku cha chuma chenye gia za pembe, ambazo huupokea mzunguko unaokwenda kwa upana wa gari na kuugeuza uelekee nyuma kwenye propela, ile shafti ndefu iendayo kwenye difu ya nyuma. Hapo ndipo Civic inapoanza kukataa. Bomba la ekzosi limeshika njia ambayo propela inaitaka. Tangi la mafuta limelala chini ya kiti cha nyuma, limeziba njia hiyo. Na mahali pa kuifungia difu hapapo kabisa, kwa kuwa kiwanda hakikuwa na sababu ya kupaandaa. Fundi hana budi kulihamisha bomba, kuweka tangi jingine, kukata sakafu ya buti penye tairi la akiba, kisha kuchomelea mihimili mipya itakayoibeba difu bila kutikisika. Mikono ya nyuma inayoshika magurudumu hutolewa pia, ikatiwa ya CR-V, ambayo vitovu vyake vina tundu la kupitisha shafti. Na kwa kuwa gurudumu la CR-V hufungwa kwa nati tano na la Civic nyingi kwa nne, vitovu vya mbele navyo hubadilishwa, la sivyo tairi moja la akiba halitafaa mbele na nyuma.

Difu yenyewe yastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndani yake mna ustadi ambao mimi huustaajabia kila niufikiripo. Mna pampu mbili za mafuta: moja huzungushwa na propela, yaani kwa mwendo wa magurudumu ya mbele, na nyingine huzungushwa na magurudumu ya nyuma. Mwendo wa mbele na wa nyuma ukilingana, mafuta yanayotolewa na pampu ya kwanza hupokewa yote na ya pili, yakazunguka kwa amani, na gari likaenda kwa magurudumu mawili. Magurudumu ya mbele yakiteleza, pampu ya mbele hutoa mafuta mengi kuliko yanavyoweza kupokewa, shinikizo likapanda, likazibana sahani za klachi, na nguvu ikafika nyuma. Hakuna kompyuta wala swichi. Mafuta yake ni ya namna ya pekee, na yakichakaa, sehemu ya nyuma hunguruma na kutetemeka gari linapokata kona kali kwa mwendo wa pole, jambo ambalo wenye CR-V wengi wamelisikia wakadhani difu imekufa.

Kutokana na mpango huo hutokea hatari iliyo kuu kuliko zote. Mtu akichanganya giaboksi ya gari hili na difu ya gari lile bila kuhesabu meno ya gia, na uwiano wa mbele usilingane na wa nyuma hata propela ikazidi kasi, pampu ya mbele itaendelea kuishinda ya nyuma hata juu ya lami kavu, na klachi itabanwa na kusuguana kutwa hadi iungue. Tairi dogo mbele na kubwa nyuma huleta madhara yale yale. Kadhalika gia za CR-V ni fupi, kwa kuwa zilikusudiwa gari zito lenye matairi makubwa. Katika Civic nyepesi injini hupiga kelele nyingi katika safari ndefu, na wanamashindano huifungua giaboksi wakaitia gia za Integra.

Kwa maoni yangu, mwenye haja ya kupita matope tu na anunue CR-V yenyewe, kwani kiwanda kimekwisha kumfanyia kazi yote. Anayeitaka Civic ya magurudumu manne kwa ajili ya mashindano asikusanye vipande dukani kimoja kimoja: na anunue CR-V nzima ya giaboksi ya mkono iliyogongwa, ampe mchomeleaji hodari kazi ya sakafu, awajulishe wakaguzi wa magari na kampuni ya bima, wala asiuze hata boliti moja ya gari lile mpaka Civic yake itembee.