Namna mipaka ya uchaguzi inavyoweza kubadili mshindi

Wengi wetu tunafikiri kura huibiwa siku ya uchaguzi tu. Lakini mtu anaweza kupanga ushindi mapema kwa kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi.

Huko Marekani jambo hili linaitwa jerimanda. Jina hilo linatokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts. Mwaka 1812 alitia sahihi mipaka iliyosaidia chama chake, na eneo moja lilikuwa na umbo kama la mjusi.

Inafanyika namna gani?

Tuchukue wapiga kura 15 katika maeneo 3, kila eneo watu 5. Chama cha kwanza kina watu 9, cha pili 6. Wachora mipaka wa chama cha pili wanawakusanya wapinzani 5 katika eneo moja. Wale 4 waliobaki wanawatawanya wawili wawili, na katika kila eneo wanaweka watu wao 3. Hakuna kura iliyoibiwa, lakini wenye watu 6 wanapata viti 2, na wenye 9 kiti 1.

Mfano wa Wisconsin

Katika jimbo la Wisconsin, chama cha Republican kilichora mipaka mwaka 2011. Mwaka 2018 Democrat walipata zaidi ya nusu ya kura za wabunge wa jimbo, lakini viti 36 tu kati ya 99. Desemba 2023 mahakama ya juu ya jimbo ilifuta mipaka iliyofuata ile, kwa kuwa maeneo mengi yalikuwa na vipande visivyogusana. Kwa mipaka mipya, mwaka 2024 Republican walipata viti 54 na Democrat 45. Democrat nao wamelaumiwa kwa jambo hilo hilo katika jimbo la Illinois.

Mshindi akijulikana mapema, wapinzani huchoka kugombea, na mbunge haogopi tena wananchi. Ndiyo sababu California na Michigan waliondoa kazi hiyo mikononi mwa wabunge na kuipa tume ya raia.

Na kwetu Kongo?

Kwetu, viti hugawanywa kwa kila teritware au mji kufuatana na hesabu ya wapiga kura walioandikishwa. Kwa hiyo familia iliyokimbia bila kuandikishwa inapunguza uzito wa nyumbani kwake. Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita.

Viongozi wa kambi na wa vijiji, tuulize mapema: nani anahesabu watu, nani anagawa viti, na sisi tuliohama tunahesabiwa wapi? Tuulize kwa amani, kabla ya siku ya kura.