Alama za Vitu Vishukavyo Kutoka Angani

Mara kwa mara husikika habari ya kwamba chombo kigeni kimeshuka kutoka angani na kuacha alama ardhini. Je, wataalamu huzipimaje habari hizo? Nitaeleza kwa visa viwili, kimoja cha Ufaransa na kingine cha kwetu Nyanda za Juu za Kusini.

Tarehe 8 Januari, 1981, mtu mmoja wa Trans-en-Provence, Ufaransa, alisema ameona chombo kikishuka karibu na nyumba yake, kisha kikaruka na kutoweka. Askari walikuta alama ya duara ardhini. Idara iliyoitwa GEPAN, ya kituo cha serikali cha mambo ya anga, ilitwaa udongo na majani ya mahali penyewe, na mengine ya mbali kidogo, ili yalinganishwe. Hilo ndilo jambo kubwa katika kazi hii, maana pasipo kitu cha kulinganisha, kipimo hakina faida. Udongo wa duara ulionekana umeshindiliwa na kupata joto, na majani ya karibu yalipungukiwa na rangi ya kijani. Lakini ni nini kilichofanya hivyo? Wengine walisema ni magurudumu ya gari tu. Jambo hilo halikuthibitishwa.

Sasa tutazame kimondo cha Mbozi, katika kilima cha Marengi, mkoa wa Songwe, ambao kabla ya 2016 ulikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya. Sisi wa Iringa hukifikia kwa kupita Mbeya mjini na kufuata barabara ya Tunduma. Wenyeji walikijua tangu zamani, lakini kwa ajili ya miiko hawakuwaambia wageni. Mpima ardhi W. H. Nott ndiye aliyekitangaza mwaka 1930. Hakuna shahidi ajulikanaye aliyekiona kikianguka, wala shimo la kuanguka kwake halionekani.

Basi, twajuaje ya kuwa kilitoka angani? Kwa kukipima. Katika sehemu 100 zake, 90 hivi ni chuma na 8 hivi ni nikeli. Chuma cha miamba yetu kwa kawaida kimeungana na oksijeni, mfano wa kutu, wala hakikai safi namna hiyo. Tena vimondo vingi vya chuma vikikatwa, vikang'arishwa na kupakwa asidi, huonyesha mistari inayokatana, iliyofanyika chuma kilipopoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Hakuna mhunzi wala kiwanda kiwezacho kuifanya.

Tazameni tofauti. Ufaransa shahidi yupo, lakini alama zake zaelezwa kwa njia zaidi ya moja. Mbozi shahidi hayupo, lakini kitu chenyewe kipo, na wataalamu waweza kukipima tena.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa kitu kimeshuka shambani, usimcheke msemaji, wala usimwamini upesi. Zungushia miiba mbuzi wasipite, pima upana, piga picha, twaa udongo wa ndani na wa nje kabla ya mvua. Kisha mwite mwalimu wa sayansi.