Kazi ya nyumbani nayo ni kazi

Mwulize mwanafunzi yeyote kazi ya babake, naye atakujibu bila kusita: mkulima, dereva, mwalimu. Mwulize kazi ya mamake, na mara nyingi utaambiwa, "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Mama huyo huyo aliamka kabla ya jogoo kuwika, akateka maji, akapika uji, akamwandaa mtoto kwenda shule, kisha akashika jembe. Jibu hilo si kosa la mtoto. Ameliokota vinywani mwetu sisi watu wazima. La kusikitisha ni kuwa hata wataalamu wa sosholojia walilikubali kwa muda mrefu.

Katika miaka ya 1950, Talcott Parsons, mwanazuoni mashuhuri wa Marekani, alieleza kwamba familia ya kisasa husimama juu ya mgawanyo wa majukumu. Mume hutafuta riziki. Mke hulea watoto na kuzituliza nyoyo za waliomo nyumbani. Mgawanyo huo, kwa maoni yake, uliifaa jamii nzima. Nadharia hiyo ilikuwa na mantiki yake, ila iliacha swali moja bila jibu: mpango huo humfaa nani zaidi, na gharama yake hulipwa na nani?

Wanazuoni wa kifeministi ndio waliolivalia njuga swali hilo. Mwingereza Ann Oakley aliwahoji akina mama wa nyumbani 40 jijini London, akachapisha matokeo yake mwaka wa 1974. Aliichunguza kazi ya nyumbani kama wenzake walivyoichunguza kazi ya kiwandani: saa zake, uchovu wake na upweke wake. Alikuta kwamba wanawake hao, kwa wastani, walifanya kazi saa 77 kwa juma. Mwaka wa 1989, Mmarekani Arlie Hochschild naye akaonyesha kwamba hata mke aliyeajiriwa, arejeapo jioni, huanza zamu ya pili nyumbani.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Hoja yao haifai kupuuzwa. Msomi wa Nigeria, Oyeronke Oyewumi, ameonya kwamba nadharia nyingi za kifeministi zimejengwa juu ya familia ya mume, mke na watoto wao tu, ilhali kwa Wayoruba umri ndio uliopanga nani mkubwa kwa nani. Hata kwetu, mama mkwe humwamrisha mke wa mwanawe, na nyanya huwalea wajukuu.

Hata hivyo, onyo hilo halilifuti swali letu. Hulipanua. Mwalimu wa kike atokaye alfajiri kwenda kufunza, humwachia nani mtoto? Aghalabu humwachia yaya, msichana aliyetoka mashambani kutafuta riziki mjini. Mume hakuubeba mzigo ule. Umehama tu kutoka mabega ya mwanamke mmoja hadi ya mwingine aliye mnyonge zaidi. Atetea haki za wanawake mchana, na jioni akamcheleweshea yaya mshahara, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Suala hili halikomei darasani. Kifungu cha 45 cha Katiba yetu ya 2010 kinawapa waliooana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa mchango. Lakini Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa huo haumaanishi kugawana mali nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja sharti athibitishe alichochangia.

Sipingi kwamba asiyepanda asivune. Ninalouliza ni hili: mume ana hati ya shamba, risiti za mabati na karatasi za benki, je, mke aliyepika, akafua na kuuguza kwa miaka 20 ataonyesha risiti gani? Ikiwa mumewe na hata watoto wake husema hafanyi kazi, ni shahidi gani atakayemtetea kortini?

Ndipo ninapowageukia walimu. Kabla ya kuwakaririsha wanafunzi majina ya Parsons na Oakley, wapeni daftari. Kwa juma moja, wavulana kwa wasichana, waandike nani nyumbani kwao alifanya kazi ipi, kwa saa ngapi, nani alipumzika na nani alilipwa. Kisha wazilete hesabu hizo darasani, wazilinganishe na kuzijadili bila kumwaibisha mzazi wa mtu.

Mvulana atakayegundua kwamba dadake hapati muda wa kudurusu kwa sababu ya vyombo na maji, atakuwa ameielewa nadharia kuliko yule aliyeikariri kwa ajili ya mtihani. Naye mwalimu asimwache papo hapo. Amwambie akifika nyumbani ashike ndoo.