Ukiitwa kujitolea kutengeneza njia ya porini, soma hii kwanza

Leo tuongelee kujitolea. Huku Ijuganyondo ukimaliza form four unaambiwa "jitolee upate uzoefu". Wengine wanasema ni kutumikishwa bure tu. Mimi nimeshika sururu kwenye vinjia vya milimani vinavyoshuka kwenda ziwani, na nimeona kwamba kazi hii wengi hawaielewi, hata baadhi ya wanaotuita.

Cha kwanza kabisa: adui mkubwa wa njia ni maji, siyo miguu. Bukoba inapata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yakiingia kwenye njia ya mteremko yanaifuata hiyo hiyo, yanachimba, mwisho njia inakuwa korongo. Watu wanahamia pembeni kwenye majani, nako panachimbika. Ndiyo maana kwenye rweya unakuta vinjia vinne vinaenda sambamba badala ya kimoja.

Kwa hiyo kufyeka peke yake hakutoshi. Kazi yenyewe ni kuyatoa maji njiani mapema, kabla hayajapata nguvu:

1. Njia iinamie kidogo upande wa bondeni, na ule ukingo wa udongo wa nje uondolewe ili maji yavuke na kwenda zake.
2. Penye mteremko mkali, laza gogo au mawe kwa mshazari kukatisha njia, uyazike vizuri, halafu chimba mtaro wa kuyatolea maji pembeni.
3. Njia za mkato kwenye kona zibeni kwa matawi na mawe. Mkato mmoja ukiachwa, maji yanaupenda kuliko watu.
4. Matawi yakatwe juu ya kimo cha mtu. Mama mwenye mkungu kichwani naye apite.

Wakati mzuri ni kiangazi, Juni mpaka Agosti, kabla mvua za kuelekea msimu wa senene hazijaanza. Panga na sururu usibebe begani ukishuka. Shika mkononi, ukali ukiangalia chini, na umpe mwenzako nafasi.

Siyo kila mahali panafanana. Msitu wa Minziro kule Missenyi, mpakani na Uganda, ni tambarare na sehemu zake hujaa maji ya mto Kagera. Pale unahitaji kunyanyua njia na kuvaa gambuti. Halafu ule ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, usiingie na panga bila kibali hata kama nia yako ni njema.

Je, kujitolea kunaweza kufika mbali? Marekani kuna njia inaitwa Appalachian Trail, ina urefu wa kama kilomita 3,500, inapita majimbo 14, na sehemu kubwa ya matengenezo yake inafanywa na watu wa kujitolea. Hapa kwetu, Oktoba 2020 moto ulipowaka Kilimanjaro, mamia ya watu walipanda kusaidia kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa vyuo. Moyo tunao. Ila moto unazimwa ukaisha, wakati mtaro unaziba kila msimu.

Sasa ukiitwa, uliza haya bila aibu: Kibali kipo? Vifaa, maji, chakula na nauli ni vya nani? Nani ana huduma ya kwanza mtu akijikata? Nitapewa barua ya kuonyesha nilichofanya? Na swali kubwa kuliko yote: mvua ya kwanza ikinyesha, nani atarudi kuzibua mitaro?

Wakikujibu vizuri, nenda. Utajifunza kazi ambayo kijiji chochote chenye mlima kinaihitaji. La mwisho likikosa jibu, jua mnaenda kupiga picha tu, na mwakani korongo litakuwa pale pale, na watoto wa shule watateleza vile vile.

Wadau wa Muleba, Missenyi na Karagwe, njia za kwenu nani anazitunza? Mwageni maoni hapo chini.

Nawasilisha.