Beri ya ladha tano: Soma kopo kabla ya kufungua mfuko

MFANYABIASHARA mdogo wa Mbebe, wilayani Ileje, anayefuata mzigo Tunduma hukutana na makopo ya kila aina: ya kuongeza nguvu, ya kusafisha ini, ya kuondoa uchovu. Moja ya bidhaa za kundi hilo katika soko la dunia ni skisandra, beri ndogo nyekundu ambayo Wachina huiita wu wei zi, yaani tunda la ladha tano. Huuzwa ikiwa imekaushwa, imesagwa au imejazwa kwenye vidonge.

Asili yake ni kaskazini mashariki mwa China, Korea na Mashariki ya Mbali ya Urusi. Waganga wa Kichina huitumia kwa kikohozi cha muda mrefu, jasho la usiku na kukosa usingizi, kwa kawaida gramu 2 hadi 6 za tunda kavu kwa siku. Warusi waliitafiti wakitafuta kitu cha kuwasaidia wafanyakazi na askari kuhimili uchovu. Mwaka 1947 mwanasayansi wa Kisovieti, Nikolai Lazarev, alibuni neno adaptojeni kwa vitu vya namna hiyo.

Neno hilo linapendeza kwenye lebo. Hata hivyo, mwaka 2008 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulieleza kuwa halifai kutumika katika usajili wa dawa, kwa sababu halina maana inayokubalika kitaalamu. Muuzaji anayelisoma kama cheti cha tiba anajidanganya.

Usalama ndio penye kazi. Watu wengi wazima huivumilia beri hii, ingawa wapo wanaopata kiungulia, vipele au kukosa hamu ya kula. Wajawazito hushauriwa kuiepuka. Hatari kubwa iko kwa anayekunywa dawa nyingine, kwani skisandra huzuia kimeng'enya cha mwilini kinachovunja dawa nyingi, na dawa ikashindwa kuvunjwa hurundikana kwenye damu.

Takrolimasi, anayotumia mtu aliyepandikizwa figo, ni mfano ulio wazi. Skisandra hupandisha kiwango chake sana, hata baadhi ya madaktari China huitumia kwa makusudi ili mgonjwa ahitaji dozi ndogo ya dawa hiyo ghali. Wao hupima damu mara kwa mara. Mnunuzi wa kopo dukani hapimwi na mtu. Tanzania nayo ina wagonjwa wa aina hiyo tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017. Nifedipini ya shinikizo la damu nayo huvunjwa na kimeng'enya hicho hicho, hivyo mtumiaji wake anapaswa kuuliza kwanza.

Nchi hii imeshaona tamaa ya tiba ya haraka. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa Sh 500, na iliripotiwa kuwa baadhi waliacha dawa za hospitali. Kikombe kile kilikuwa cha bei nafuu. Kilichogharimu ni dozi iliyoachwa.

Kwa mwenye duka, sheria nayo ina neno. Tangu mwaka 2019 iliyokuwa TFDA ilibaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA, huku chakula na vipodozi vikihamia TBS. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Bidhaa ikidai kuponya kisukari au ini, haiwezi kujificha tena kwenye jina la chakula. Hivyo kabla ya kulipia katoni, mnunuzi adai namba ya usajili na kuithibitisha kwenye mamlaka husika, aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji na kiasi cha skisandra katika kila kidonge. Muuzaji wa jumla asiyetoa risiti aachwe na mzigo wake.

Na mteja anayetumia dawa ya kila siku aambiwe abebe kopo lenyewe hadi kwa mfamasia, si jina tu, maana makopo mengi huchanganya mimea kadhaa na skisandra huandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma.