Nyumba za zamani za Himbi: wakaaji wanapita, jina kwenye karatasi ni la nani?

Nyumba za zamani za kando ya ziwa Kivu, huku Himbi na Les Volcans, zinajulikana kwa mbali: kuta nene, baraza inayoangalia maji, miti mirefu ndani ya parseli, na nyuma kabisa boyeri ndogo, mahali alipolala mpishi wa muzungu. Zilijengwa wakati wa Wabelgiji. Waliokaa mule kwanza walikuwa wakubwa wa serikali ya kikoloni, wafanyabiashara na wazungu wa mashamba ya kahawa na pireti. Tangu hapo, kila msukosuko uliopita Goma uliingiza watu wengine ndani.

Badiliko kubwa la kwanza halikuletwa na bunduki. Tarehe 7 mwezi wa 6, 1966, sheria inayoitwa ya Bakajika ilirudishia Leta madaraka juu ya ardhi. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, ambayo inatumika mpaka leo: udongo wote ni wa Leta, na raia anapewa haki ya kuutumia tu. Mkongomani anaweza kupata haki hiyo bila mwisho. Mgeni anapewa miaka 25 inayoweza kuongezwa. Miezi mine nyuma yake, tarehe 30 mwezi wa 11, Mobutu akatangaza zairianizasio. Mashamba na maduka ya wageni yakapewa Wazaire. Kwenye nyumba njo fujo ilianza, kwa sababu kupewa funguo ni kitu kimoja, na kuandikishwa kwa konservateri ni kingine.

Mobutu mwenyewe alikuwa na makao yake Goma, juu ya maji. Mwanzoni mwa mwezi wa 11, 1996, AFDL ikachukua muji, na Laurent-Désiré Kabila akafanya makao hayo kuwa yake, akipanga kutoka hapo safari ya kwenda Kinshasa. Baadaye yakawa ofisi ya gavana wa Kivu ya Kaskazini. Kwa nyumba kama hiyo hakuna anayeuliza karatasi: anayeshika muji anashika na ufunguo. Shida ni kwamba wadogo waliiga wakubwa, mpaka kwenye nyumba za raia wa kawaida.

Tayari mwaka wa 1994, mwezi wa 7, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Kolera ikaua makumi ya maelfu. Mashirika ya misaada yakafika, yakatafuta nyumba kubwa zenye maji na uzio, na bei ya kupanga ikahesabiwa kwa dola. Villa ambayo mwenyewe alikuwa ameisahau ikawa mali. Kuta zikapandishwa, senyenge ikawekwa juu, jenereta ikakaa mahali pa maua. Wakati wa RCD, iliyofanya Goma kuwa makao yake makuu kuanzia mwaka wa 1998, makamanda na wakubwa wapya nao walihitaji pa kulala. MONUC ikaja na wafanyakazi wake.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza, 2002, volkano ya Nyiragongo ikapitisha moto katikati ya muji mpaka ziwani, ikafunika hata katedrali ya Saint-Joseph. Himbi, iliyo upande wa magharibi, iliepuka kwa sehemu kubwa. Waliopoteza nyumba walijenga tena kwa mbao juu ya mawe meusi, mahali ambapo alama za mipaka zilikuwa zimezikwa. Nyumba ya matofali yenye mipaka inayoonekana ikazidi kutamaniwa.

Katika yote hayo, mara nyingi mtu aliyekaa muda mrefu kuliko wote ni sentineli, mule mule kwenye boyeri. Bosi anaondoka, bosi anakuja, yeye anafungua mlango. Kukiwa kesi, njo yeye anaitwa kueleza nani alipanda ule mwembe.

Lakini maneno ya sentineli hayashindi sertifika ya andikisho. Kwa sheria ya 1973, haki juu ya parseli inathibitishwa na karatasi hiyo, ambayo konservateri wa vyeo vya ardhi anatia saini na kuandika kwenye kitabu chake. Fishi ya parseli, barua ya chefu au karatasi ya kuuziana haina nguvu hiyo. Na kuna kifungu ambacho familia nyingi zinakijua kwa kuchelewa, cha 227: sertifika ikifikisha miaka miwili, haiwezi tena kushambuliwa. Aliyenyang'anywa anaweza kudai fidia tu, nyumba hairudi. Kuhesabu kunaanza siku sertifika imeandikishwa, si siku mwenye nyumba amepata habari.

Njo maana jambo hili linawagusa waliokimbia mwisho wa mwezi wa kwanza, 2025, wakati M23 ilichukua muji, wakaacha nyumba kwa ndugu, kwa mpangaji ao kwa sentineli. Aliye Kinshasa, Kampala ao Bujumbura na ana sertifika yake ya asili, aitunze mbali na nyumba, na kopi ikae kwa mtu mwingine. Ambaye karatasi bado ina jina la marehemu baba, warithi waandike majina yao wote pamoja kwanza, mbele ya kupangisha ao kuuza chumba hata kimoja.