Je, Akili ya Binadamu Ilianzia Katika Uganga?

Hapa kwetu pwani ni nani asiyeijua ngoma ya pepo? Ubani hufukizwa, ngoma ikakolea, mtu akapandisha na kusema kwa sauti isiyokuwa yake. Mashekhe huikemea, wala mimi siitetei. Lakini wako wataalamu wasemao kwamba hali kama hiyo ndiyo iliyomfungulia binadamu wa kale mlango wa sanaa na itikadi.

Mashuhuri kati yao ni Profesa David Lewis-Williams wa Afrika Kusini. Yeye alichunguza picha zilizochorwa na Wasani majabalini huko Drakensberg, akazilinganisha na maelezo ya Wasani wa Cape yaliyoandikwa na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd katika miaka ya 1870. Katika picha moja, pofu anakufa huku miguu yake imepishana, na mtu aliyemshika mkia naye kapishanisha miguu vivyo hivyo. Kwani mganga akipandisha huhesabiwa kuwa amekufa. Katika kitabu chake cha mwaka 2002, profesa aliipeleka hoja hiyo hadi kwenye mapango ya Ulaya.

Kuhusu Wasani namkubalia, kwa kuwa wenyewe walisema. Lakini wachoraji wa pango la Chauvet, Ufaransa, wa miaka kama 36,000 iliyopita, hawakuacha neno. Mtu aweza kumchora simba kwa kuwa alimwona porini tu.

Mimi nageukia Kilifi. Katika pango la Panga ya Saidi, mwaka 2017, yalitolewa mabaki ya mtoto asiyezidi miaka mitatu. Taarifa ya mwaka 2021 ilieleza kuwa alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na kuwa hilo ndilo kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Alichimbiwa shimo, akalazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa. Jinsi mifupa ilivyokaa yaonyesha alivishwa kitu mfano wa sanda, na kichwa kikawekewa mto.

Mwislamu akisikia ubavu wa kulia atawaza mengi. Tusiharakishe: kaburi moja halithibitishi desturi, seuze dini. Hata hivyo, sisi tumefundishwa kisa cha Qabil, aliyemtazama kunguru akifukua ardhi ndipo akajua kumsitiri nduguye. Kumsitiri maiti ni jambo la akili na la huruma pia, nalo halihitaji pepo wala njozi. Aliyemwekea yule mtoto mto alijua kwamba hataamka tena, na bado akamwekea.

Basi watoto wetu wanapofundishwa kwamba akili ya binadamu ilichanua mapangoni mwa Ulaya, waambiwe pia habari za Kilifi, zilizotangulia kwa miaka kama 40,000.